Kona Isiyokatwa

Bustani yetu imebanwa pande zote. Nyuma yake ni migongo ya maduka ya spea, kushoto na kulia ni maghorofa ya wapangaji, na mbele ni barabara ambayo malori hushusha mizigo tangu alfajiri. Wachomeleaji wakinyamaza, anaanza muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake. Muuza dawa ya panya akienda kula, wapakiaji wanaanza kutukanana. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kazi kiko ubavuni mwa geti la bustani, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Ukiingia mle ndani kelele haziishi, asikudanganye mtu. Ila unaketi chini ya mti, unatazama majani yaliyomwagiliwa, na baada ya muda kelele zinakuwa za watu wengine.

Anayeitunza ni mwajiriwa wa manispaa tunayemwita Shemeji. Jina hilo alilipata kwa mkewe. Mkewe alikuwa akiuza mitumba kwenye barabara ya maduka, na kwake kila mteja alikuwa mdogo wake au kaka yake, basi mtaa mzima ukajikuta una dada mmoja, na mume wa dada hana jina jingine. Dada hakuhitaji kipaza sauti. Nilikuwa najua amefungua robota la magauni au la makoti bila kuinua kichwa kwenye cherehani, na yeye alikuwa barabara mbili kutoka hapa. Alikuwa akimtania mteja mpaka mteja ananunua kwa aibu.

Walikuwa na mtoto mmoja, kijana mkubwa, fundi wa friji, mtaa ukimwita Baridi. Siku moja, nyuma ya maduka ya spea, mtu akapiga ukelele kwamba ameibiwa simu, na kidole kikamwelekea Baridi aliyekuwa akipita na begi lake la vifaa. Hakufika hospitali. Jioni ile ile simu ilionekana chini ya kiti cha gari la mwenyewe. Nayasema haraka kwa sababu sipendi kuyasema. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba Baridi aliuawa na watu wengi, mchana kweupe, lakini ukiuliza, hapakuwa na mtu. Huyu alikuwa benki, yule alikuwa amelala, yule mwingine alifika mambo yameshakwisha. Mimi nilikuwa nimepeleka sare za shule mtaa wa pili, na nakwambia hivyo nikijua kwamba kila mtu husema hivyo.

Dada akaacha kuuza. Akajifungia chumbani kwao, ghorofa ya tatu ya jengo lililopakana na bustani, pazia limeshushwa mchana kutwa. Nilikuwa nampelekea chai, naikuta ya jana imeota utando. Siku moja, kabla sijaondoka, akanishika mkono.

"Mdogo wangu," akasema, "nikikutana na mtu namtazama mikono kwanza. Najiuliza, ndiye huyu? Au ni yule aliye nyuma yake? Huyu amenipa pole msibani, akala, akanawa. Mikono hiyohiyo. Bora nisiwaone kabisa."

"Sasa utakaa humu mpaka lini, Dada?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Sikujua. Shemeji naye hakujua, lakini Shemeji ni mtu wa kufanya kitu kwa mikono wakati wenzake wanajadiliana. Wakati huo alikuwa akitunza maua ya mzunguko wa barabara kuu, mahali pa heshima, wakubwa wanapita na magari wanaona kazi yake. Akaomba ahamishiwe bustani yetu. Ofisini walimcheka, maana huku walikuwa wanaletwa wale waliokosea. Akafika na mkasi wake mkubwa wa kukatia miti, fagio, mpira wa maji na ndoo, akaanza.

Bustani ilikuwa na uzio wa miti iliyofungamana, mrefu kumpita mtu. Kwenye kona iliyofichika kuliko zote, ile inayopakana na barabara, si mbali na dirisha langu, palikuwa na benchi la saruji lililopasuka. Shemeji akaliziba. Akaacha uzio wa pande mbili unenepe na kuinamia ndani, akapanda miti mingine kidogo mbele yake, mpaka kona ile ikawa na kuta tatu za majani na mlango wa kuingia mtu mmoja. Watu wakishaingia makazini na barabara imetulia kidogo, alikuwa anapanda juu kumfuata mkewe, anamshika mkono, wanashuka ngazi, wanapita geti, anamketisha pale. Kisha anaendelea na kazi zake, na kila baada ya muda anapita karibu na ile kona na fagio, hata kama hapana cha kufagia.

Dada akawa anakaa. Siku nyingine analala kwa kukaa. Siku nyingine namsikia anakohoa, basi najua yupo. Hakuwa amepona, wala sitaki mtu afikiri alipona. Lakini alikuwa anapigwa na hewa, anaona ndege, anakula embe au kipande cha mkate bila kubembelezwa, na jioni anapanda ngazi mwenyewe. Ukimwondoa pale, mahali pengine palipobaki palikuwa kitandani. Sisi majirani tulilijua hilo bila kuambiwa, na walioingia bustanini walijifunza kutokwenda upande ule.

Shemeji mwenyewe alikuwa akisalimia kila mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yake na mkewe. "Hujambo kaka. Pita pembeni, hayo ni majani, si zulia la mama yako." Aliyewazidi wote kwa urafiki naye ni Kinyozi, mwenye kibanda upande wa pili wa barabara, mtu mcheshi, mikono haitulii. Tangu msiba Kinyozi alikuwa akimnyoa Shemeji bila kumtoza, akisema yeye na Shemeji ni kazi moja, wote wanapunguza. Nilimwona ni mtu mwema. Nilimshonea hata yale makoti meupe ya kazini, na sikumkazia bei.

Halafu wakaja wakwapuaji. Hili lazima niliseme kwa haki: watu walikuwa na sababu ya kulalamika. Walikuwa wananyakua simu au mkoba barabarani, wanapenya kwenye uzio wetu, wanatokea upande wa maghorofa, basi. Nesi mmoja anayekaa ghorofa ya chini alivutwa mkoba akaanguka, mkono ukavunjika. Wapangaji wakaandamana hadi manispaa. Akaja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akazunguka bustani akiwa ameinua suruali isiguse umande, akatoa amri: uzio wote ushuke mpaka kiunoni, mtu wa barabarani aone ndani. La sivyo geti litapigwa kufuli na bustani ifungwe.

Shemeji akaja kwangu, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akawa anachezea vipande vya vitambaa vilivyoanguka.

"Fundi, nikikata, hatashuka tena."

"Na usipokata?"

"Wakifunga, hatashuka vilevile."

"Umemwambia?"

"Nimwambieje? Nimwambie nakwenda kumvua nguo mbele ya watu?"

Nikainuka kumtengenezea chai. Aliinywa yote, akanishukuru, akaenda.

Kesho yake akaanza kukata. Na kwa kukata, yule mtu ana usahihi usio na huruma. Alipigilia vigingi, akavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, akawa anafuata kamba ile na mkasi bila kupanda wala kushuka. Matawi yaliyokatwa aliyabeba mgongoni mpaka jalalani. Siku baada ya siku uzio ukashuka, na barabara ikaanza kuingia bustanini: kwanza vichwa vya watu, kisha mabega, kisha magurudumu ya malori. Mimi nami kwa mara ya kwanza nikawa naona bustani nzima kutoka dirishani kwangu, hata mlango wa ile kona. Watu wakamsifu. Walisema sasa panapendeza, sasa pana usalama, utadhani pamepigwa pasi.

Ile kona hakuigusa.

Bwana wa viatu aliporudi kukagua, Shemeji alimwambia pale ndani kuna nyuki wakali, amewaita wataalamu wa kuhamisha nyuki, bado hawajafika. Bwana akapatazama kwa mbali na akakumbuka kwamba ana kikao. Nyuki wa Shemeji wakawa utani wa mtaa. Hakuna asiyejua nyuki ni nani, na hakuna aliyemchongea. Kinyozi alikuwa akipiga kelele kutoka ng'ambo, "Shemeji, nyuki wako wamekula leo?" na Shemeji anainua mkono, anacheka. Nami nilicheka. Tulijiona watu wazuri sana siku zile.

Lakini alikuwa amefanya kosa, na ni kosa la mtu wa bustani. Uzio ulipokuwa mrefu kote, kona ile ilikuwa majani katikati ya majani. Alipoushusha wote kwa kamba, ile kona ikabaki imesimama peke yake pembeni mwa barabara, kichaka kimoja kirefu kwenye uwanja mweupe. Mtu anayetafuta pa kujificha asingehitaji kuelekezwa. Shemeji aliangalia kazi yake kwa karibu, na kwa karibu ilikuwa safi. Hata alipovuka barabara kwenda kunyolewa, hakuwahi kuitazama kwa macho ya mtu anayekimbia.

Ilikuwa mchana. Shemeji alikuwa ameitwa bohari ya manispaa kuchukua mpira mpya wa maji. Dada alikuwa kwenye benchi lake. Nilikuwa napachika vifungo kwenye sare, nikasikia ule ukelele ambao mtaa wetu unaujua, "Mwizi! Mwizi!", nikainua kichwa dirishani. Mwanaume mmoja wa makamo, shati limechanika bega, aliruka uzio uliokatwa bila hata kuugusa, akanyoosha moja kwa moja kwenye kona, akaingia. Nyuma yake wakaja watu. Wengine waliruka, wengine waliingia kwa geti, wakanipita dirishani. Niliona mabomba, niliona mawe. Niliona kinyozi wetu na koti lake jeupe nililolishona mimi, jiwe mkononi.

Wakafika kwenye mlango wa kona, wakasimama.

Dada alikuwa ametoka. Alisimama pale mlangoni, mikono imeshika matawi huku na huku, na yule mtu yuko nyuma yake, naona mguu wake mmoja tu. Dada alikuwa amekonda kuliko nilivyofikiri. Ndani ya chumba sikuwahi kumwona amesimama kwenye mwanga.

"Dada, tupishe," mmoja akasema. "Huyo ni mwizi."

"Hebu sogeeni," Dada akasema. "Sogeeni karibu niwaone."

Ilikuwa ile sauti. Ile ya sokoni, ya robota jipya, imekwaruza kidogo kwa kukaa bila kutumika. Iliwafikia wote na ikanifikia mimi. Hakuna aliyesogea. Basi akaanza kuwatazama yeye, uso mmoja, kisha mwingine, alivyokuwa akikagua nguo za robota, bila haraka, anaanzia juu anashuka mpaka mikononi. Wapakiaji walinyamaza. Hata muuza dawa ya panya alizima chombo chake. Mtu aliyekuwa na bomba alilishusha likagusa majani. Macho ya Dada yakafika kwa Kinyozi, yakakaa hapo hata si kwa muda mrefu, na Kinyozi akaachia jiwe.

"Dada," akasema, "mimi nilikuwa nyuma tu. Siku ile. Nilikuwa nyuma."

Hakuna aliyemuuliza kitu. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, na mtaa mzima ukasikia, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale mtaa ulikuwa kimya. Mtu wa pembeni yake alimvuta koti anyamaze. Dada alimaliza kuwatazama waliobaki, wote, kisha akasogea pembeni ya mlango, akaketi kwenye majani.

Walinzi wa maduka ya spea ndio waliomchukua yule mtu, wakampeleka kituoni akiwa mzima, simu ya watu mkononi mwa mlinzi. Hakuna aliyempiga. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakipita getini vichwa chini, na mimi nikatoka mbio kwenda kumwinua Dada. Alikuwa mzito ingawa amekonda. Ngazi zile tulizipanda tukipumzika kila ghorofa.

Shemeji aliporudi na mpira wake begani alikuta mtaa umejaa wasimulizi. Walimwambia yote, walivyokimbia, alivyosimama, sauti yake, kama vile ni sifa kwao. Ile sentensi ya Kinyozi hakuna aliyemwambia. Hatukukaa kikao. Kila mmoja aliimeza kivyake.

Usiku ule nilikuwepo kwao, namkanda Dada miguu. Shemeji aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia bwana wa viatu ameshapata habari na anataka ile kona ing'olewe, lakini yeye atakwenda kuomba, ataongea na mkubwa wake.

"Kata," Dada akasema.

"Nitaongea nao, mama."

"Kata tu, baba. Nilikuwa nakaa pale nisiwaone. Nimeshawaona."

Shemeji akainua uso. "Nani?" akauliza.

Dada akageukia ukutani. Alimuuliza tena, kwa upole, kisha bila upole, na hakupata neno. Nilipokuwa naondoka Dada aliniita karibu, akaninong'oneza nisimwambie. Alisema mumewe kutwa ana mkasi mkononi, na yeye hana mtu mwingine aliyebaki. Nikamwahidi. Nilidhani ni ahadi rahisi.

Shemeji akakata ile kona kwa kamba na vigingi vilevile, ikalingana na uzio wote. Dada hajashuka tangu hapo. Pazia limerudi chini, na chai naikuta imeota utando. Bustani sasa inajaa watu wakati wa chakula cha mchana, wanakuja mpaka wa mitaa mingine, wanakaa kwenye lile benchi la saruji, wanapiga picha. Wanasema ni mahali pa amani.

Na Shemeji akaanza kuuliza. Alikuwa anamwuliza mtu mmoja kwa siku, akiwa anafagia au anamwagilia, kwa adabu kabisa: "Ulikuwepo siku ile mke wangu aliposimama? Alimwona nani?" Wote walisema hawakuona. Mimi aliniuliza kwenye dirisha, nikamwambia nilikuwa nimeinama natafuta kifungo. Akasema sawa, Fundi, akaenda. Nilishona bila kuona nilichokuwa nashona.

Kinyozi alikaa muda mrefu bila kuingia bustanini. Ila kunyoa alimnyoa, Shemeji amekaa kwenye kiti chake, shingo nje. Siku aliyoingia ilikuwa ya joto, kibandani hakukaliki. Alikaa kwenye benchi la kona kwa kuwa ndilo lenye kivuli, akafungua chakula chake. Shemeji akafika na fagio.

"Inua miguu kidogo, rafiki yangu."

Kinyozi akainua miguu. Shemeji akafagia chini yake, na katika kufagia akauliza, kama alivyowauliza wengine wote, "Hivi wewe siku ile ulikuwepo? Alimwona nani?"

Nilisimamisha cherehani. Chakula kilikuwa mdomoni mwa Kinyozi na hakukitafuna. Fagio likapita, likasogea hatua kadhaa mbele, na miguu ya Kinyozi ilikuwa bado juu, viatu viwili hewani, kana kwamba amesahau namna ya kuishusha. Shemeji aligeuka akaiona. Akaitazama ile miguu, akamtazama usoni, akatazama mikono. Kisha akatazama barabarani, kwenye kibanda cha kunyolea, na akajishika shingo nyuma.

Hakupandisha sauti wala kuinua mkono. Alifagia mpaka mwisho wa njia, akakusanya majani, akayatia kwenye ndoo. Alipopita dirishani kwangu akasimama.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Wote mlijua."

"Wote, Shemeji."

Alitikisa kichwa taratibu, akaenda kumwaga ndoo. Kesho yake alikuja kazini kama kawaida, akafungua geti, akamwagilia, akapunguza uzio pale ulipochipua. Nywele zake zimeota zimefunika masikio. Watu wakipita hawaambii waache majani, na wanayakanyaga. Mimi namsalimia kila asubuhi.